Je, mvulana acheze Medea? Jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari, Tanga, ambaye pia analea kikundi cha maigizo cha shule. Kwa ufupi anasema hivi: mwaka huu wamechagua Medea ya Euripides, tanzia (mchezo wa huzuni) ya Wagiriki wa kale kuhusu mwanamke aliyeachwa na mumewe Jason, akalipiza kwa kuwaua watoto wao. Msomaji bora wa kikundi ni mvulana. Mwalimu mwenzake anamshauri ampe mvulana huyo nafasi ya Medea bila wasiwasi, kwa sababu Wagiriki wenyewe waliwapa wanaume nafasi zote. Wasichana wamenuna. Anauliza waongozaji wa leo wanalitatuaje jambo hili, na kati ya mwenzake na wasichana, nani ana haki.

Mwalimu, wasichana wako wana haki ya kununa, ingawa mwenzako hajasema uongo. Athens ya karne ya 5 KK haikuwa na mwigizaji mwanamke kwenye tanzia. Mtunzi alipewa waigizaji watatu wa kugawana nafasi zote, na korasi, yaani kundi linaloimba na kusema kwa pamoja, ya watu 12, baadaye 15, wote wanaume na wote wamevaa vinyago. Kwa hiyo mwaka 431 KK, Medea ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, yule aliyetamka kwamba ni heri kusimama vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja alikuwa mwanamume. Aliwaambia hayo wanaume waliovikwa mavazi ya wanawake wa Korintho, mbele ya waamuzi wanaume. Euripides alitoka wa mwisho kati ya watunzi watatu walioshindana mwaka huo.

Wala usidhani kwamba kwa waigizaji wale kumwigiza mwanamke ilikuwa mzaha. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia habari za Polus, mwigizaji mashuhuri wa Kigiriki aliyefiwa na mwanawe. Aliporudi jukwaani alicheza Electra ya Sophocles. Ndani yake kuna mahali ambapo Electra anapokea chungu akiamini kina majivu ya kaka yake. Polus alikwenda kaburini, akachukua chungu chenye majivu ya mwanawe mwenyewe, akakikumbatia jukwaani na kulia. Watu walikuwa wakimtazama dada akimlilia kaka, kumbe ni baba anamlilia mtoto. Nakueleza haya ili tukubaliane mapema kwamba mwili wa mwanamume unaweza kubeba uchungu wa mhusika mwanamke bila uongo wowote. Ugumu hauko hapo.

Ugumu uko kwa watazamaji. Mwanamume akimwigiza mwanamke mahali ambapo mwanamke haruhusiwi kupanda jukwaani, watazamaji hawaoni kuwa kuna uamuzi uliofanywa, wanaona kawaida. Akimwigiza huku msichana anayeyajua maneno yote amekaa benchi ya pembeni, watazamaji wanaona uamuzi, na uamuzi huo unakuwa sehemu ya mchezo, upende usipende. Historia haikupi ruhusa, kwa sababu huwezi kuwarudisha watu wa Tanga wawe raia wa Athens kwa saa mbili.

Peter Hall alijaribu karibu hivyo. Mwaka 1981, katika National Theatre ya London, aliongoza Oresteia ya Aeschylus kwa tafsiri ya Tony Harrison, wanaume watupu na vinyago kwa wote, na mwaka uliofuata wakaipeleka Epidaurus, kwenye ule ukumbi wa mawe wa Wagiriki. Oresteia ni hadithi ya Clytemnestra, aliyemuua mumewe Agamemnon kwa sababu mume huyo alimtoa binti yao Iphigenia kafara ili apate upepo wa kuvukia kwenda vitani Troy. Kisha Orestes, mtoto wao wa kiume, anamuua mama, na kesi yake inaletwa Athens. Mungu Apollo anamtetea Orestes kwa hoja kwamba mama si mzazi hasa, anaitunza tu mbegu ya baba. Kura zinagongana, na mungu mke Athena anaamua kwa upande wa Orestes, akisema yeye hakuzaliwa na mama na katika mambo yote yuko upande wa wanaume, isipokuwa kuolewa.

Hoja hiyo ikisemwa na mwanamume aliyevaa kinyago, ikathibitishwa na mwanamume mwingine aliyevaa kinyago cha mungu wa kike, mtazamaji anaona wazi kwamba kesi nzima imeendeshwa na wanaume wakizungumza wao kwa wao. Hilo lina nguvu, nami naliheshimu. Lakini Uingereza ya 1981 ilikuwa na waigizaji wanawake wa kila kiwango, na Clytemnestra ni miongoni mwa nafasi kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwa ajili ya mhusika mwanamke. Onyesho lililotaka kufichua jinsi wanawake walivyofungiwa nje liliwafungia nje tena. Sioni njia ya kulikwepa hilo.

Japani hali ilikuwa tofauti. Serikali ya huko iliwapiga wanawake marufuku kwenye jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya huko, mwaka 1629, na tangu hapo ukakua ufundi wa karne kadhaa wa wanaume kuigiza wanawake, ufundi wenye heshima zake na mabingwa wake. Yukio Ninagawa alipoiongoza Medea Tokyo mwaka 1978, korasi nzima ilikuwa ya wanaume, na aliyekuja kuvuma katika nafasi ya Medea ni Mikijiro Hira, ambaye kwa kazi yake ya kila siku hakuwa mwigizaji wa kabuki bali wa michezo ya kisasa. Picha inayokumbukwa zaidi ni Medea na wanakorasi wakivuta utepe mwekundu kutoka vinywani mwao, polepole, kana kwamba maumivu yamegeuka kitu cha kushikika na yanatoka kwa urefu wake wote. Onyesho hilo lilifika Athens, Edinburgh na London. Watazamaji wake wa nyumbani walikuwa na jicho lililofunzwa: wakimwona mwanamume katika mavazi ya kike hawangoji kuchekeshwa.

Jicho la hadhira yetu limefunzwa nini? Wewe unajua, nami najua. Kwenye vichekesho vya runinga na vya simu, mwanamume akitokea na gauni, wigi na makalio ya kujazia, watu wameshaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mvulana wako akiingia na kilemba cha Medea, kicheko hicho kitaingia naye. Usijidanganye kwamba uzito wa maneno utakizima wenyewe.

Kuna mchezo mmoja wa Afrika ulioshika kicheko hicho na kukifanyia kazi, nao ni The Island wa Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, ulioonyeshwa kwanza Cape Town mwaka 1973. Wahusika ni wafungwa wawili katika seli moja ya Robben Island, gereza la kisiwani la Afrika Kusini, John na Winston. Mchana wanachota mchanga: kila mmoja anajaza toroli lake na kwenda kulimwaga mahali mwenzake anapochimba, kazi isiyokwisha. Usiku wanafanya mazoezi ya Antigone ya Sophocles, ile ya binti aliyemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme Creon, ili waionyeshe kwenye tamasha la wafungwa. John atakuwa Creon. Winston amepangiwa Antigone. (Mandela mwenyewe aliwahi kumcheza Creon gerezani huko, kama alivyoeleza kwenye kumbukumbu za maisha yake.)

Tazama wanavyofanya. Winston anavaa wigi la kuungaunga, matiti ya bandia na mkufu wa misumari. John anamtazama, anaangua kicheko, hawezi kujizuia. Winston anavua kila kitu kwa hasira: yeye ni mwanamume, hatasimama mbele ya wenzake na maaskari wa gereza wamcheke kama mwanamke. Kinachoonekana pale ni aibu ya mwanamume kuonekana mwanamke, na aibu hiyo ina meno hasa kwa watu ambao watawala wao wanawaita "boi" kila siku. John anamjibu kwamba watacheka, ndiyo, lakini kucheka mwanzoni si neno ilimradi mwisho wasikilize. Na mwishoni, mbele ya wafungwa na maaskari, Winston kama Antigone anahukumiwa kufungiwa akiwa hai, halafu analing'oa wigi na kusema maneno ya Antigone kwa sura yake mwenyewe, mfungwa wa maisha aliyechoma pasi yake, kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kukibeba.

Ninaupenda mchezo huo kuliko karibu zote nilizozitaja, na bado nina jambo nao. Wigi likishang'oka, mwanamke ameondoka. Ujasiri wa Antigone umevaliwa na mwanamume, ukamfaa, akauvua. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria kuzipinga pasi hizohizo, na hakuna hata mmoja wao aliye na sauti jukwaani. Mtu atasema gereza lilikuwa la wanaume, wangetoka wapi? Kweli. Ndiyo maana pale, mwanamume kumcheza Antigone ni lazima inayotokana na mahali penyewe, na mchezo unaijua na kuizungumza. Wewe shuleni kwako huna lazima hiyo.

Sasa nikutoe kidogo kwenye swali la nani acheze, kwa sababu mabadiliko makubwa ya jinsia kwenye tanzia hizi katika miaka hii arobaini au zaidi hayakuletwa na kugawa nafasi peke yake. Ariane Mnouchkine na kundi lake la Théâtre du Soleil, karibu na Paris, kati ya 1990 na 1992 walitoa Les Atrides. Waliichukua Oresteia nzima, lakini kabla yake wakaweka mchezo mwingine, Iphigenia katika Aulis wa Euripides, ulioandikwa zaidi ya miaka hamsini baadaye. Kwa Aeschylus, kifo cha Iphigenia ni habari inayosimuliwa na wazee, tunaisikia, inapita. Kwa Mnouchkine unamwona binti anawasili kambini kwa furaha, ameambiwa anakuja kuozwa kwa Achilles. Unamwona mama amemsindikiza na kumpamba. Unaona wanavyogundua. Jioni nyingine unarudi ukumbini, Agamemnon anarudi kutoka vitani na kushangiliwa, na wewe uliyekaa kwenye kiti huwezi tena kushangilia. Maneno ya Aeschylus hayajageuzwa maana ili yampendelee mtu. Ni mpangilio tu uliohama, na shahidi wa mama ameongezwa, naye ni mtazamaji. Robert Icke naye aliianza Oresteia yake ya London ya 2015 na kifo cha yule mtoto.

Tena Mnouchkine alimpa Juliana Carneiro da Cunha nafasi mbili: Clytemnestra, kisha Athena. Yaani mwigizaji yuleyule aliyemlilia binti yake na kumuua mume ndiye anayesimama kortini kusema yuko upande wa wanaume. Hebu isikie hukumu ile katika sauti hiyo. Hapa utaratibu wa kale wa mwigizaji mmoja kubeba nafasi kadhaa umetumika kusema jambo ambalo kale halikusemwa.

Efua Sutherland wa Ghana alishatangulia kwa njia yake. Alcestis ya Euripides, ya 438 KK, ni hadithi ya mke anayekubali kufa badala ya mumewe baada ya wazazi wa mume kukataa. Heracles anamrudisha kutoka kwa Mauti, na mke anasimama mbele ya mumewe amefunikwa shela, kimya. Hasemi hata neno moja mpaka mwisho. Furaha yote ni ya mume. Katika Edufa, mchezo wa Sutherland wa 1962, mume ni tajiri wa kisasa mwenye sifa mjini, aliyeambiwa na mganga kwamba atakufa asipopata mtu wa kufa badala yake. Anauliza nyumbani kama utani: nani ananipenda kiasi cha kunifia? Baba anajibu kwa akili. Mke, Ampoma, anajibu kwa mapenzi, na neno lake linamnasa. Sutherland hamrudishi. Ampoma anakufa na habaki wa kumfufua, lakini kabla ya hapo anasema, tena hadharani, mbele ya wageni wa mumewe na wanawake wenzake. Linganisha miisho hiyo miwili na wanafunzi wako: mmoja anarudishiwa uhai bila sauti, mwingine anapewa sauti bila uhai. Utapata mjadala wa kipindi kizima.

Turudi kwenye kikundi chako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Makosa mengi ya jinsia kwenye tanzia za Kigiriki hayafanywi kwa Medea, yanafanywa kwenye korasi. Waongozaji huijaza kwa waliobaki: wale waliokosa nafasi, wanawekwa kwenye mstari, wanakariri kwa pamoja huku mawazo yao yako kwingine. Lakini Medea hazungumzi hewani. Anazungumza na wanawake wa Korintho. Anawaomba wamtunzie siri, nao wanakubali, na kukubali kwao ndiko kunakowafanya washiriki wa yote yanayofuata. Wanapomsihi asiue watoto ni wao wanaozungumza kama mama, kama majirani. Mwaka 2016 Royal Lyceum ya Edinburgh ilitoa The Suppliant Women, mchezo wa Aeschylus kwa maandishi ya David Greig, kuhusu mabinti wa Danaus waliotoka Misri, weusi kwa jua kama wanavyojieleza wenyewe, wakakimbilia Argos wasiozwe kwa nguvu kwa binamu zao. Mabinti hao walikuwa wasichana na wanawake wa kawaida wa mjini pale, si waigizaji wa kulipwa, na onyesho lilipohamia miji mingine lilichukua wanawake wa miji hiyo. Mzigo wote wa mchezo uko kwao. Amman, Jordan, nako, mwaka 2013, wanawake wakimbizi kutoka Syria waliichukua Wanawake wa Troy ya Euripides chini ya mwongozaji Omar Abusaada wakachanganya maneno yake na simulizi zao za nyumba walizoziacha. Wengine walijitoa kabla ya onyesho, kwa shinikizo la familia na hofu ya usalama. Kuonekana jukwaani kulikuwa na gharama, na waliobaki waliilipa.

Kwa hiyo wasichana wako wasiwe mapambo. Wape korasi kwanza, kabla hujamgawia yeyote nafasi kubwa, na wafanye mazoezi ya yale maombi ya siri mpaka kila mmoja aweze kukuambia kwa nini yeye, mkazi wa Korintho mwenye mume na watoto, anakubali kunyamaza. Kisha fanya jaribio. Hotuba ya ngao mara tatu isomwe na mvulana wako bora, halafu isomwe na msichana, korasi ikiwa imekaa kuwazunguka. Usiwaulize nani amesoma vizuri. Waulize wanakorasi walijisikia wanaambiwa au wanafundishwa. Mvulana akisoma vizuri mno, upo uwezekano mkubwa wasichana watajisikia wanaelezwa na mwanamume uchungu wa kuzaa ulivyo, na ukishalisikia hilo mazoezini ujue hata mzazi wa kiti cha nyuma atalisikia.

Mimi ningempa msichana Medea. Mvulana wako nisingemwacha, ningempa kazi kubwa kuliko anayoitaka: wanaume wote wanaokabiliana na Medea. Mchezo huu umeandikwa kwa namna ambayo waigizaji wawili wanaweza kuubeba, kwa sababu Creon, mfalme wa Korintho (si yule wa Antigone), anatoka kabla Jason hajaingia, Jason anatoka kabla Aegeus hajafika, na kila mmoja anamkuta Medea peke yake na korasi. Dominic Cooke alifanya hivyo London mwaka 2023: Sophie Okonedo alikuwa Medea, na Ben Daniels akawa wanaume wote. Mfalme anayemfukuza, mume anayemwacha na mgeni anayemwahidi hifadhi wanakuwa na uso mmoja, na kila mara anapoingia upya Medea anapaswa kujua upya anashughulika na mwanamume wa aina gani. Kwa mvulana anayesoma vizuri huo ni mtihani wa kweli. Mwambie hasa kwamba Jason asiwe mwovu wa filamu. Jason anaamini anachosema, kwamba ndoa mpya ni kwa faida ya Medea na watoto; asipoaminika, Medea anabaki mwanamke mwenye hasira tu, na hilo hadhira yetu wameshaliona mara nyingi na watalipuuza.

Wenzako wakisema kwamba huko ni kuikimbia asili, wajibu kwamba kumpa mwigizaji mmoja wafalme na waume wote ndiyo asili yenyewe ya jukwaa la Athens. Vinyago pia unaweza kuvitumia kwa wanaume hao. Medea na korasi waache nyuso zao wazi.

La mwisho ni mwisho wa mchezo, ambao hukuuliza lakini utakufikia wiki za mwisho za mazoezi. Euripides anampandisha Medea kwenye gari la Jua, mungu aliye babu yake, juu ya nyumba, na miili ya watoto, huku Jason yuko chini akiomba angalau awaguse na anakataliwa. Mahali pale juu kwenye jukwaa la Kigiriki palikuwa pa miungu. Waongozaji wengi wa leo wanaona haya na gari lile na kumweka Medea sakafuni, amechakaa, amelowa damu, wa kuhurumiwa. Usifanye hivyo. Huna gari la kuruka, lakini shule ina meza za maabara na ngazi ya fundi. Mpandishe huko, hakikisha meza haiyumbi, na Jason aseme maneno yake yote ameinua shingo.